Waya wa intaneti umefika nyumbani lakini Linux Mint inakataa kuunganisha

mkaazi_umoja
Wadau, hamjambo. Naombeni ushauri kabla bando za simu hazijanimaliza.

Naishi Umoja, Nairobi, gorofa ya nne. Ploti yetu imeletewa intaneti: kuna kisanduku kwenye ngazi, na kila nyumba imevutiwa waya wake. Wangu umepitia dirishani. Ruta nitanunua mshahara ukiingia, kwa hivyo kwa sasa nataka kuchomeka waya moja kwa moja kwenye laptopu. Laptopu yenyewe ni ya mtumba, nilichukua pale Luthuli Avenue, nikaweka Linux Mint kwa sababu Windows iliyokuja nayo ilikuwa inajikokota.

Fundi alipokuja alichomeka waya kwenye laptopu yake, akafungua video, ikacheza bila kusita. Akaniandikia jina la mtumiaji na nenosiri kwenye karatasi. Alipoona yangu si Windows, akasema hiyo haijui, akaenda zake. Sasa nikichomeka, kialama kinazunguka we, halafu naambiwa imeshindwa kuunganisha. Tena Wi-Fi haionekani kabisa, hata mitandao ya majirani siioni. Hili ni tatizo moja au ni mawili?

buda_southB
Rudisha Windows uishi kwa amani.

Mama_Terminali
Hata Windows ingemdai jina na nenosiri lile lile, kwa hivyo tumwache apumue.

Mdogo wangu, ni mawili, na hayahusiani. Tuanze na waya, kwa sababu ukipata intaneti hapo, la Wi-Fi litakuwa jepesi.

Ukiona umepewa jina na nenosiri la laini yenyewe, jua hiyo ni PPPoE, yaani laini inayodai ujitambulishe kwanza ndipo ikufungulie. Laptopu ikichomekwa waya kwa kawaida hutumia DHCP, yaani inakaa kusubiri igawiwe anwani. Kwenye laini yako hakuna wa kuigawia mpaka ijitambulishe. Ndiyo maana inazunguka hadi inakata tamaa. Wala usitafute programu ya kupakua, Mint inayo tayari.

Fungua terminali, andika `nm-connection-editor`. Bonyeza alama ya kujumlisha, chagua DSL/PPPoE. Mahali pa kiolesura (interface, yaani mlango wa mtandao) chagua kile cha waya, jina lake huanza na `en`, kama `enp2s0`. Jaza jina na nenosiri jinsi yalivyo kwenye karatasi. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja, na mafundi wetu sifuri na O huandika sawasawa. Hifadhi, kisha uiwashe kutoka kwenye kialama cha mtandao.

Ikikataa, usibahatishe. Andika `journalctl -u NetworkManager -f`, ujaribu tena huku unaisoma. Ikitaja PAP au CHAP (njia za kukagua nenosiri) na kusema authentication failed, tatizo ni jina au nenosiri. Ikisema kitu kingine, kinakili hapa.

mkaazi_umoja
Asante mama. Nimefuata kila kitu. Inarudia mstari huu: `Timeout waiting for PADO packets`. Nenosiri nimelikagua herufi kwa herufi.

FundiWaya
Nenosiri liache, hata halijaulizwa bado. Kwenye PPPoE, laptopu hutuma kwanza pakiti inayoitwa PADI, ni kama kupiga hodi: kuna seva huku? Seva hujibu kwa PADO. Majina na manenosiri huja baada ya hapo. Wewe unapiga hodi na hakuna anayekuitikia.

Andika `ip link` uangalie kiolesura cha waya. Kukiwa na NO-CARRIER, waya umekufa au kichwa hakijakazwa. Kukiwa na LOWER_UP, waya ni mzima mpaka kwenye swichi ya ngazini.

Mimi nashuku kitu kingine, na umekisema mwenyewe: fundi alichomeka laptopu yake kwanza. Swichi nyingi za ploti huwekwa zishike anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) ya kifaa cha kwanza na kukataa kingine chochote, ili watu wasigawane laini kienyeji. Pakiti zako zinatupwa hapo ngazini. Kwenye `ip link` hiyo hiyo kuna mstari wa `link/ether` wenye jozi sita za herufi na tarakimu. Hiyo ndiyo MAC yako. Wapigie simu wenye intaneti, waambie wafute ya fundi waweke hiyo. Usitaje Linux hata kidogo, mtaanza upya.

buda_southB
Hiyo ya kutotaja Linux ndiyo ushauri bora zaidi hapa 😂

mkaazi_umoja
Imekubali! Ilikuwa LOWER_UP, nikapiga simu, dada mmoja akachukua zile herufi, akaniambia nichomoe nichomeke tena. Sasa hivi naandika kwa laini ya nyumbani. Bado Wi-Fi. Mama aliniambia itakuwa rahisi.

Mama_Terminali
Hongera. Andika `lspci -nnk` utafute sehemu ya Network controller.

mkaazi_umoja
Inasema Broadcom BCM43142. Hakuna mstari wa `Kernel driver in use`.

Mama_Terminali
Nilidhani hivyo. Kadi hiyo iko kwenye laptopu nyingi za mtumba za miaka ile, na draiva yake (programu ya kuiendesha) ni ya Broadcom wenyewe, si ya chanzo huria, kwa hivyo Mint haiiwashi bila ruhusa yako. Fungua Driver Manager kwenye menyu, chagua `bcmwl-kernel-source`, weka. (Kwa atakayesoma hapa akiwa hana intaneti: chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, uwashe USB tethering. Linux huitambua bila wewe kuweka draiva yoyote.)

Kama Secure Boot (ulinzi wa laptopu unaokataa programu zisizo na saini inayotambulika wakati wa kuwaka) imewashwa, utaombwa ubuni nenosiri. Likumbuke. Ukiwasha upya utakutana na skrini ya bluu. Usiogope, haijaharibika. Chagua Enroll MOK, uandike nenosiri hilo. Ukiipita skrini hiyo, draiva itakuwepo lakini itakataliwa kufanya kazi, na hapo ndipo watu husema Linux ni mbaya.

mkaazi_umoja
Naona majirani wote sasa, pamoja na majina ya ajabu waliyoyapa mitandao yao. Je, laptopu inaweza kuitolea simu hotspoti mpaka ninunue ruta?

Mama_Terminali
Kwa kadi hiyo usijisumbue. Draiva yake kwa kupokea ni sawa, kwa kugawa ni shida tupu.

FundiWaya
Vumilia mpaka mwisho wa mwezi. Ukienda kununua, hakikisha ruta ina tundu la WAN (la kuingizia waya wa intaneti) na inakubali PPPoE. Usiuziwe ile ya kutia laini ya simu tu. Jina na nenosiri vitahamia kwenye ruta, na kwenye laptopu ufute ile PPPoE uliyotengeneza, maana akaunti nyingi za namna hii huruhusu kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Kurasa zikifunguka nusu na kukwama, weka MTU ya WAN (ukubwa wa juu wa pakiti) iwe 1492, kwa kuwa PPPoE hula baiti 8 katika zile 1500.

Na MAC ya ruta iko kwenye kibandiko chini yake. Hakikisha ni ile ya WAN, kisha uwape wenye intaneti kabla hujachomeka.