Kiwavi wa Tibeti: ni dawa kweli au napigwa?

BintiTemeke: Wakuu, jirani ananiuzia vidonge vya "kiwavi wa Tibeti". Anasema vinatibu figo, kifua, mpaka nguvu za kiume. Chupa sh. 80,000, na baba keshavitaka. Huyo mdudu yupo kweli?

Kijana_wa_Xining: Yupo, dada. Nilisoma Xining, huko China, na mwezi wa tano mmoja mwanafunzi mwenzangu Mtibeti alinipeleka kwao, upande wa Yushu. Ni juu ya mita 4,000. Hatua kumi tu unahema kama umebeba gunia la mkaa.

Wenyewe wanamwita yartsa gunbu: kiangazi jani, kipupwe mdudu. Kuvu inamwingia kiwavi wa nondo ardhini, inamla ndani kwa ndani, kisha inachomoza kichwani pake kakijiti ka kahawia, mfano wa njiti ya kiberiti iliyoungua. Kukaona ndiyo shughuli. Ukoo mzima unatambaa kwenye nyasi, na watoto wana macho kuliko wote, hata shule zilikuwa zinafungwa kwa ajili hiyo. Mimi kutwa nzima nilipata mmoja, nikamkata na kijembe. Mama mwenye nyumba alinitazama tu, hakusema neno. Aliyekatika bei inaporomoka, na wajanja huunga kwa kijiti cha meno.

Jioni wanasugua udongo kwa mswaki, mmoja mmoja. Wachuuzi wakija, bei inapatanwa kwa kushikana vidole ndani ya mkono wa koti, jirani asijue. Hela ya wiki hizo chache ndiyo unga wa shayiri, ndiyo pikipiki, ndiyo matibabu ya mwaka mzima.

Mzee_wa_Mbio: Si ndiyo dawa aliyojisifia kocha wa China Ma Junren mwaka 1993, mwanariadha wake Wang Junxia alipokimbia mita 10,000 kwa dakika 29:31.78? Sisi Eldoret tulikuwa tunapiga uji tu.

BintiTemeke: Kwa hiyo ninunue?

Kijana_wa_Xining: Piga hesabu mwenyewe. Kuna miaka wale bora walizidi dhahabu kwa bei, gramu kwa gramu. Chupa nzima kwa 80,000 itoke wapi? Vidonge vingi ni kuvu ya kuotesha, nyingine juu ya mchele. Mfugaji wa Yushu hajaigusa. Na mzee akapime figo hospitali kwanza.

BintiTemeke: Nimemwambia jirani afungue chupa anioneshe kichwa cha kiwavi. Tangu saa nane hajajibu meseji.