Mjadala: Je, ustawi wa wanyama utamfilisi mfugaji mdogo?

Wakuu, kuna hoja imeshika kasi kwetu wafugaji wa Mbeya na Songwe: eti ustawi wa wanyama, yaani kumfuga, kumsafirisha na kumchinja mnyama bila kumtesa, ni masharti ya Wazungu, yakisimamiwa kweli mfugaji mdogo atafunga banda. Mimi nafuga nguruwe Vwawa. Siikubali, ingawa najua inatoka wapi.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ni yetu wenyewe, ya mwaka 2008. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku vile vizimba vya kubana kuku wa mayai mwaka 2012, mimi haikunigusa. Nguruwe wangu haendi Ulaya, anaishia kwenye kitimoto Mbeya mjini.

Sasa sikieni yaliyonikuta. Mnunuzi alichukua wawili, akawafunga miguu kwa kamba ya katani, akawalaza chali kwenye keria ya bodaboda, saa saba mchana. Kamba ilishakata ngozi kabla hata hajawasha pikipiki. Nguruwe hana jasho la kumpoza. Jua likimkalia, basi. Mmoja alifika Mbalizi amekufa. Mnunuzi akapiga simu anataka nusu ya hela, nikamrudishia, maana ndiye mteja wangu.

Hata wakifika hai, hasara ipo. Nguruwe akihangaishwa kabla ya kuchinjwa nyama yake inapauka na kuvuja maji. Ng'ombe aliyesafirishwa muda mrefu bila maji wala kupumzika, nyama inakuwa nyeusi na haikai. Wale wa Usangu wanaopandishwa kwenye fuso kwa fimbo na kukunjwa mikia wanashuka na michubuko, na sehemu hizo mchinjaji anazikata anatupa. Hiyo yote mnunuzi ameshaipiga hesabu akiwa mnadani, kwenye bei anayokupa wewe.

Ninapokubaliana na wenzangu ni hapa: wasituanzie na faini. Mnadani tunalipa ushuru. Ushuru huo ujenge kwanza njia ya kupandishia mifugo kwenye gari, mabirika ya maji na kivuli. Na bei ifuate ubora wa nyama, kwa sababu leo nguruwe aliyekuja ndani ya kreti, yaani kasha la kusafirishia, na aliyefungwa kwenye boda wananunuliwa sawa. Nani atatoa hela yake kutengeneza kreti?

Wa Rujewa, Tukuyu na Makambako, kwenu mnasafirishaje? Na walio karibu na Vwawa, nani yuko tayari tuchange kreti moja tuwe tunaazimana?