Kama sina cha kuweka kapuni, kujitoa kwa Mungu kwenye ibada kunakuwaje?

Zamu_ya_Usiku: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi Mlutheri niko Moshi, kazi yangu ni ulinzi na mshahara ukichelewa unachelewa kweli. Kwetu wakati wa sadaka watu wanatoka benchi kwa benchi wanapita mbele kwenye makapu, ukibaki umekaa wenzako wanaruka magoti yako na kila mtu anakuona. Jumapili iliyopita mke wangu kagoma kwenda kwasababu hatukuwa na kitu, anasema hawezi kutokea mbele za Mungu mikono mitupu. Nikamwambia Warumi 12:1 inasema tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai na hiyo ndo ibada yenyewe, akaniuliza haya, mwili unautoaje pale kanisani? Nikakosa jibu. Naombeni msaada, sio maneno ya kunifariji tu.

Mzee_wa_Usharika: Amina. Shemeji ana andiko, Kumbukumbu 16:16 inakataza kabisa mikono mitupu, ila msomee na mstari wa 17 palepale, kila mtu atoe kama awezavyo kwa kadiri ya baraka aliyopewa na Bwana. Asiye na kitu hadaiwi. Sasa kwenye Warumi usianzie sura ya 12, sura 11 za mwanzo Paulo anaeleza Mungu alichotufanyia ndo anakuja kusema "basi, ndugu zangu, nawasihi, kwa huruma zake Mungu". Hatujitoi ili tupokelewe, tumeshapokelewa. Na ile sadaka ya kuteketezwa ya Walawi 1 nyama yote iliungua madhabahuni, mtoaji harudi nyumbani hata na mnofu mmoja, ndo maana Paulo anataka mwili mzima sio mdomo wa kuimbia peke yake. Endelea mpaka mwisho wa sura uone huo mwili unafanya nini: unakaribisha wageni, unalia na wanaolia, unamlisha adui mwenye njaa. Wewe unayekesha getini watu wengine walale salama, hiyo kazi ukimfanyia Mungu kwa uaminifu ni sehemu ya ibada yako, usiidharau.

Mama_Jumuiya: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki naomba niongezee. Vipaji, yaani mkate na divai, vikishapelekwa altareni padri anatia tone la maji kwenye divai, halafu anatuambia tusali ili sadaka yake na yetu ipokelewe, na hiyo "yetu" sio noti za kapuni jamani! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wetu, kwenye hati ya Liturujia ya 1963 namba 48 unasema waamini wajifunze kujitoa wenyewe pamoja na Kristo. Mimi muda ule nataja kimoyomoyo, Bwana hii hapa wiki yangu, huyu hapa mama mkwe ninayemwogesha na kumgeuza kitandani, hii hapa hasira niliyonayo na jirani. Hapo kwa jirani ndo pagumu, maana Mathayo 5:23-24 inasema uache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako.

Nuru_ya_Kusini: Mimi natofautiana kidogo na namna hili neno KUJITOA linavyotumika siku hizi. Mtu anashinda kanisani, mazoezi ya kwaya, mkesha, kamati, nyumbani watoto wamelala hawajala na mama yake kijijini hajapigiwa simu, tunamsifia amejitoa. Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa hilohilo kwenye Marko 7, mtu anasema mali yangu ni Korbani, wakfu kwa Mungu, halafu wazazi hawasaidii. Na wahubiri wanaopenda kunukuu Wamakedonia wa 2 Wakorintho 8 waliotoa wakiwa maskini, wasiruke mstari wa 5, kwanza walijitoa nafsi zao kwa Bwana. Fedha ilifuata nyuma. Ukibadilisha huo mpangilio unamnyonya maskini.

Zamu_ya_Usiku: Mbarikiwe sana, hilo la Korbani sikuwahi kulifikiria. Nimemsomea mke wangu zote akatulia, sasa anauliza, benchi letu likisimama na yeye asimame?

Mzee_wa_Usharika: Asimame apite na wenzake. Akifika kwenye kapu ainamishe kichwa, amwambie Mungu mimi mwenyewe ndo huyu hapa, arudi akae. Sisi wazee wa kanisa hatusimami pale kukagua mikono ya watu, na kama yupo anayekagua mwambieni mchungaji. Halafu kama kuna kuku anataga, yai moja ni sadaka kamili, alilete liuzwe kwenye mnada nje baada ya ibada. Kwetu mkungu wa ndizi mtu ananunua, anaurudisha, unapigwa mnada tena, na aliyeuleta mara nyingi ni bibi ambaye hana hata nauli.

Mama_Jumuiya: Mwambie nitamtaja Jumapili hii.