Mjadala: Nauru walikula utajiri wao wakamaliza. Je, wana haki ya kutufungulia uchimbaji wa chini ya bahari?

Wakuu, salaam.

Juzi kijiweni kwetu iliibuka habari ya Nauru. Kaka mmoja ninayemheshimu sana akasema neno ambalo wengi mmeshalisikia: "Wale Mungu aliwapa mali, wakaitafuna yote kizazi kimoja, sasa wanataka kutuharibia na bahari." Karibu wote waliokuwepo wakaitikia. Mimi nusu ya kwanza ya kauli ile iliniuma, nusu ya pili nikaiona ina ukweli, na nimeshindwa kuinyamazia. Naomba tuijadili.

Kwa asiyeifahamu, Nauru ni kisiwa kimoja peke yake katika Pasifiki, karibu kabisa na Ikweta. Eneo lake ni kilomita za mraba 21, watu kama 12,000, na ndiyo jamhuri ndogo kuliko zote duniani. Barabara ya kuzunguka nchi nzima unaimaliza kwa gari chini ya nusu saa. Watu wamebanana kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Huko juu katikati ndiko ilikokuwa fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, na sasa karibu asilimia 80 ya kisiwa imeshachimbwa.

Kuchimbwa kwenyewe kulivyo, aliyewahi kupita maweni kule Makunduchi ataelewa haraka. Fosfeti ilikuwa imejaa katikati ya nguzo za mawe ya matumbawe. Ukiikwangua yote, zinabaki nguzo tupu, nyeupe na kijivu, kali, nyingine ndefu kuliko nyumba, zimesimama kama meno. Hapalimiki wala hapajengeki. Sasa chukua hali hiyo uitandaze kwenye sehemu kubwa ya nchi yako, na huna mkoa mwingine wa kuhamia.

Aliyeanza ni nani? Mwishoni mwa karne ya 19, ofisi moja ya kampuni ya biashara huko Sydney ilikuwa na jiwe kutoka Nauru ambalo kazi yake ilikuwa kuzuia mlango. Walidhani ni kipande cha mti uliogeuka jiwe. Mwaka 1899 mfanyakazi mmoja, Albert Ellis, akalitilia shaka na kulipima, akakuta ni fosfeti ya daraja la juu kabisa. Kufikia 1907 meli zilikuwa zinapakia. Kisiwa wakati huo kilikuwa chini ya Wajerumani, na mwenye ardhi alikuwa akilipwa nusu peni kwa tani. Nusu peni, ndugu zangu, kwa udongo usiorudi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza, Australia na New Zealand zikaunda tume yao ya kuichimba fosfeti hiyo na kuwauzia wakulima wao chini ya bei ya soko la dunia. Malisho na mashamba ya ngano ya huko yamestawi kwa ardhi ya Nauru, na tofauti ya bei ni Wanauru walioilipa. Vita ya Pili ilipokuja, Wajapani wakawahamisha watu 1,200 kwa nguvu hadi visiwa vya Truk. Waliorudi hai Januari 31, 1946 ni 737. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1968, ndiyo waliyoichagua kuwa siku ya uhuru wao.

Kabla ya uhuru huo, Australia ilikuwa na suluhisho lake: Wanauru wote wahamie Kisiwa cha Curtis, pwani ya Queensland, na Nauru iachwe ichimbwe hadi iishe. Walikataa, kwa sababu huko wangekuwa raia wa Australia tu, si taifa. Mtu akiniambia hawa ni watu wasiojali kwao, namrudisha hapo.

Lakini sitaki kuwa mwongo kwenye mjadala wangu mwenyewe. Walipopata uhuru, ardhi iliyokuwa imeshachimbwa ilikuwa kama theluthi moja. Sehemu kubwa ya iliyobaki imechimbwa chini ya serikali yao wenyewe. Miaka ya 1970 kipato chao kwa kichwa kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani, kodi hakuna, matibabu na shule bure. Walikuwa na shirika la ndege, na Melbourne walijenga jengo la ghorofa 52. Walikuwa na mfuko wa akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo uliopita dola bilioni moja za Australia. Mfuko ule uliliwa na uwekezaji mbovu, ushauri mbaya, mikopo na viongozi walioshindana kutumia. Mwaka 1993 pesa ya umma ilidhamini mchezo wa jukwaani wa muziki huko London, nao ukaanguka. Jengo la Melbourne liliuzwa 2004. Hili ni kosa lao na naliita kosa. Ninachokataa ni kuanzisha hadithi mwaka 1968, kana kwamba kisiwa kilikabidhiwa kikiwa kizima.

Na hata Australia haikuweza kuanzia hapo. Mwaka 1989 Nauru waliishtaki kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ardhi iliyoharibiwa kabla ya uhuru. Australia ikapinga kwamba mahakama haina uwezo wa kuisikiliza, ikashindwa kwa sehemu kubwa mwaka 1992, na mwaka uliofuata ikamaliza kesi nje ya mahakama kwa dola zake milioni 107. Nchi ya watu wachache kuliko kata moja ya Dar iliiburuta Australia The Hague ikalipwa. Natamani hili lisemwe kijiweni mara nyingi kama linavyosemwa lile la kutafuna mali.

Sasa bahari, ambako ndiko hasa tunakobishana.

Katika Pasifiki kati ya Hawaii na Mexico, zaidi ya mita 4,000 chini, sakafu ya bahari imetapakaa vinundu vya madini. Ukikishika kimoja unaweza kudhani ni kiazi kilichoungua: cheusi, kizito. Ndani kuna manganizi, nikeli, shaba na kobalti, na kinakua milimita chache tu kwa miaka milioni. Eneo hilo halina mwenyewe. Mkataba wa Sheria ya Bahari unaliita urithi wa pamoja wa binadamu, na mamlaka yenye makao Kingston, Jamaika, ndiyo inayolisimamia. Kampuni ikitaka kuingia lazima idhaminiwe na nchi. Nauru wanaidhamini NORI, kampuni tanzu ya The Metals Company ya Canada. Juni 2021 walitumia kifungu kinachoipa mamlaka ile miaka miwili ya kukamilisha kanuni za uchimbaji. Miaka miwili ikaisha Julai 2023 kanuni hazijakamilika. Baadhi ya majirani zao, Palau na Fiji wakiwa mbele, wanataka jambo lote lisimamishwe.

Wanaoitetea Nauru wana hoja nzito. Nchi zilizotajirika kwa kuchimba zinawezaje kumwambia maskini asichimbe? Bahari inawapandia, ardhi ya juu imekuwa mawe, na fedha zao kwa miaka mingi zimetoka kwenye kambi ya kuwashikilia wakimbizi waliozuiwa na Australia. Wanaambiwa pia kwamba vinundu vitapunguza kuchimba kobalti Kongo. Hii ya Kongo siipokei kirahisi. Mchimbaji mdogo wa Kolwezi hajaambiwa atakula nini bei ya kobalti ikishuka, na madini ya baharini hayatamfukia hata shimo moja.

Hoja ya haki yao naielewa hadi moyoni. Kinachonizuia kuiunga mkono ni sura ya mkataba wenyewe. Mashine ni za mgeni, soko la mgeni, faida kubwa ya mgeni. Cha Nauru ni bendera. Hiyo ndiyo biashara ya mwaka 1907, ila safari hii wamiliki wa ardhi wanaolipwa nusu peni ni sisi wote.

Tena Nauru waliiona hatari hii mapema. Mwaka 2010 ni wao waliopendekeza ufafanuzi utafutwe kuhusu dhima ya nchi mdhamini, kwa kuwa nchi ndogo haiwezi kubeba gharama za uharibifu baharini. Mahakama ya sheria ya bahari iliyoko Hamburg ikatoa maoni mwaka 2011: nchi tajiri au maskini, wajibu wa kuisimamia kampuni unayoidhamini ni uleule, na ukiuzembea unawajibika. Nauru ya watu 12,000 inaisimamiaje mashine inayotembea gizani mita 4,000 chini, maelfu ya kilomita kutoka kwao? Alama za mashine iliyojaribiwa eneo lile mwaka 1979 bado zilionekana wanasayansi waliporudi miaka 44 baadaye.

Halafu Aprili 2025 kampuni ileile, kupitia tawi lake la Marekani, ikaenda kuomba kibali serikali ya Marekani, nchi ambayo haijaridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari. Ilikuwa imeingia kwa mgongo wa Nauru, na ilipoona Kingston pazito ikatafuta mlango mwingine.

Kwa hiyo nasimama hapa: Nauru wana madai halali kwa dunia, na dunia ingewalipa kukarabati kisiwa chao kabla ya kuwanyooshea kidole. Udhamini huu naupinga. Mnaouunga mkono, na kaka yangu wa kijiweni najua utasoma, nijibuni hili moja kwanza: kampuni ikifilisika au ikihama, na sakafu ya bahari imeshakwanguliwa, hati ya madai itaandikwa jina la nani?