PAA LA BIBI PANGANI 🏠 (watu 23)

Shangazi Rukia: Asalaam aleykum familia. Narudia mara ya tatu. Mabati 42 geji 28, kofia, mbao, misumari na hela ya fundi. Fundi anataka kianzio kesho kabla ya saa nne asubuhi la sivyo anaenda zake kazi ya Muheza. Masika hayo mlangoni na chumba cha Bibi kinavuja mpaka kitandani. Andikeni JINA NA KIASI sio vidole gumba

Hamisi: 👍

Shangazi Rukia: Hamisi!!

Hamisi: nimejisahau anti 😂 elfu 50 mwisho wa mwezi

Shangazi Rukia: mwezi gani

*Saa 11:52 alfajiri*

Salim Houston: Waaleykum salaam, nimeona anti. Am down 👊🏾

Mama Salim: Yarabi. Umeanguka wapi mwanangu

Mama Salim: Salim

Mama Salim: nampigia hapokei

Mamdogo Zaituni: Allah amponye. Si juzi tu alisema kule baridi imemwingia kifuani

Shangazi Rukia: Wifi tulia. Hajaanguka mtu, anasema ametoa down payment, ndio kianzio hicho. Salim mwanangu Mungu akuzidishie, umetuma namba ipi maana kwangu haijaingia

Hamisi: 😂😂😂😂 anti umeshapokea hela hewani

Athumani: mimi nilijua anasema kafulia. yuko chini, hana kitu

Mwanaisha: Jamani nyie. Am down maana yake nimekubali, nipo. Ni sawa na kusema am in, count me in, am game, zote moja. Na wengine wanasema am up for it, nayo ni hiyohiyo

Shangazi Rukia: Juu nimekubali, chini nimekubali?

Mwanaisha: ndio anti

Shangazi Rukia: Hicho Kiingereza kimetungwa na dalali

Mama Salim: Mbona kazini kwetu wakiandika mtu yuko down anaumwa

Hamisi: na benki wakikwambia sistimu iko down rudi nyumbani ukalale

Athumani: na ukiwa na mawazo pia am feeling down. kaka Salim chagua moja bwana

Mwalimu Shabani: Nimesoma yote. Kila mmoja ana haki yake kidogo. Sisi darasani tulifundisha "he is down with malaria", yuko kitandani na malaria, na mitihani tulisahihisha hivyo miaka yote. Lakini maneno hayohayo "down with" ukiyaweka mwanzo yanakuwa laana, "down with colonialism", ukoloni uanguke, kwa hiyo "down with the roof" ni paa lianguke, ila "I am down with the roof" ni mtu amekubaliana na paa. Hii ya kukubali ilianza kwa Wamarekani weusi ndio ikasambaa, na huyo kijana yuko kwao, asilaumiwe kwa lugha. Na neno lenyewe asili yake ni kilima. Kiingereza cha kale kilima ni dun, anayeshuka alisema ofdune, yaani kutoka kilimani, wakala kipande cha mbele ikabaki down. Mpaka leo kusini mwa Uingereza kuna vilima vinaitwa South Downs na watu wanavipanda.

Hamisi: kwa hiyo Salim yuko kilimani

Athumani: 😂😂 network huko inashika

Mamdogo Zaituni: Wanapanda chini?? Haya

Shangazi Rukia: Shikamoo Kaka Mwalimu. Fundi hana shida na kilima. Anataka laki mbili na nusu

Shangazi Rukia: Na mimi nasema ukweli hata mkinuna. Mwaka ule wa arobaini ya Babu, Salim aliandika humuhumu "put me down", mimi nikaenda na daftari nikamwandika laki tatu, mbele ya watu, halafu ikawaje? Mwenye maturubai alikuwa anakuja mlangoni kwangu sio kwenu. Leo tena down. Hiyo down yake naijua

Mama Salim: Rukia usianze na maturubai

Shangazi Rukia: Sijaanza mimi, imeanza kuvuja

Mamdogo Zaituni: *Ujumbe huu umefutwa*

Hamisi: mamdogo tumeshausoma 😂

Mwalimu Shabani: Maturubai nililipa mimi. Kwenye kiinua mgongo changu. Nilimwambia mwenye mali asiseme kwa mtu, ndio maana aliacha kuja. Salim wakati ule hakuwa na kazi, alinipigia usiku akalia kama mtoto. Nimenyamaza miaka yote hiyo na leo Rukia umenisemesha. Neno hilo lisirudi humu.

*Saa 3:20 asubuhi*

Mwanaisha: 🙏🏾

*Saa 7:05 mchana*

Shangazi Rukia: Nimekusikia Kaka.

Shangazi Rukia: Fundi nimempa elfu 80 yangu asiondoke. Ngazi amebeba lakini, sijui amekwenda nayo wapi

*Saa 10:40 jioni*

Salim Houston: Asalaam aleykum, nilikuwa shifti ya usiku simu inakaa kwenye kabati. Nimesoma mpaka chini. Mama siumwi. Anti nilimaanisha nimekubali, nipo pamoja na nyie

Shangazi Rukia: Kiasi

Salim Houston: mabati nusu. nikilipwa Ijumaa. Ba'mkubwa nakupigia sasa hivi kabla sijalala

Shangazi Rukia: Nusu ya 42 ni 21, naandika 21 kwa kalamu ya risasi. Ijumaa ya huku au ya huko?

Hamisi: anti am up for it

Shangazi Rukia: Wewe elfu 50

Bakari Dodoma: Jamani nimetoka kazini sasa hivi naona meseji 60, nani amelazwa? hospitali gani?