Ukoo wa Ujiji: Juma na meli ya Antaktika

Juma: Shikamooni wakubwa. Mkataba umekuja. Ni uhudumu wa mezani na vyumbani, meli ndogo ya watalii inayotoka Ushuaia, Argentina, kwenda Antaktika. Wanasema ni meli ya barafu. Ndiyo inayovunja barafu?

Baba mdogo Shabani: Marahaba mwanangu. Haivunji, imeimarishwa tu. Mabati ya ubavuni pale maji yanapofika ni mazito kuliko ya meli ya kawaida, na mbavu za ndani zimekaribiana. Inapenya polepole kwenye vipande vilivyoachana. Barafu ikishikana, nahodha anageuza. Cha kuogopa ni vipande vidogo vilivyomeguka kwenye mito ya barafu: vigumu, karibu vyote vimezama, na mawimbi yakiwepo rada haivioni vizuri. Ndiyo maana usiku mwendo unapunguzwa na taa kubwa zinamulika mbele.

Kaka Idi: Na kwa sisi mafundi kuna balaa jingine. Injini inapozwa kwa maji ya bahari. Barafu laini kama uji ikivutwa na pampu, chujio linaziba, presha inashuka, joto linapanda, jenereta inajizima. Dawa yake ni kurudisha maji ya moto yaliyokwisha kupoza injini pale pale yanapovutiwa maji, barafu iyeyuke.

Shangazi Mwajuma: Hayo waachie mafundi. Wewe Juma utapambana na Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, kama kilomita 800, siku mbili kwenda na mbili kurudi. Usiupime kwa mawimbi ya ziwa letu. Dawa ya kichefuchefu meza kabla. Ukishaanza kutapika haikai tumboni. Kitambaa cha meza kiloweshe kidogo, sahani hazitelezi. Kikombe nusu tu. Na mlango ushike kwenye kitasa, kamwe usiweke mkono kwenye fremu. Meli ikilala upande, mlango unajifunga kwa nguvu na vidole vinakatika.

Juma: Asante shangazi. Wahudumu tunashuka nchi kavu?

Shangazi Mwajuma: Nafasi ikiwepo. Hawaruhusiwi zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja. Geuza kibati chenye namba yako ubaoni ukitoka, kigeuze tena ukirudi. Ukisahau, meli nzima inakusubiri wakikutafuta. Mkipanda au kushuka boti ya mpira, shikaneni kwenye vifundo vya mikono. Ukishika kiganja, glovu inachomoka.

Baba mdogo Shabani: Mkishuka, kaa mbali na pengwini mita 5, na sili wa manyoya mita 15. Buti zinasuguliwa na kuloweshwa dawa kabla na baada. Mbegu za mimea ya kwingine zisiingizwe kule, nazo zinajificha kwenye mifuko na vishikizo vya koti, fyonza kwa mashine. Na kwa sababu ya mafua ya ndege, usikae chini, usipige magoti, usiweke begi chini.

Kaka Idi: Mapumziko ni saa 10 katika kila 24, na 77 kwa siku 7. Zile saa 10 zinaweza kugawanywa vipande visivyozidi viwili, kimoja kisipungue saa 6. Fomu ya saa za mapumziko usisaini bila kuisoma.

Juma: Sawa kaka. Ila wakala anataka laki tatu za kushikilia nafasi.

Kaka Idi: Usitume hata senti! Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kupatiwa kazi. Unachoweza kulipia ni pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha afya. Hata viza ni juu ya mwenye meli.

Baba mdogo Shabani: Njoo na huo mkataba kwangu Mwanga, hapa Kigoma, leo jioni. Tuangalie jina la mwenye meli, na nani anakulipia tiketi ya kurudi nyumbani.

Juma: Nakuja baada ya magharibi.