Meli ya siku saba: nichague chumba kipi nisiugue mawimbi?

MamaSwabra (Mbale)
Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, na naomba wa haraka, maana mwanangu anataka jibu kabla ya Ijumaa. Anafanya kazi Hispania, na mwaka huu amesema lazima mimi na baba yake tupande meli ya utalii: Barcelona, Marseille, Genoa, Naples na kurudi, mwezi wa kumi na moja. Ametuchagulia chumba cha sitaha ya 14, mbele kabisa, chenye balkoni. Anasema ndicho kizuri kuliko vyote.

Shida ni mimi. Mwaka juzi nilikwenda msibani Kalangala kwa boti ya mbao kutoka Kasenyi. Hatujafika hata nusu ya njia, roho ikachafuka. Nilitapika mpaka yakawa yanatoka maji ya njano matupu, nimeng'ang'ania ubao kwa mikono miwili, na mama mmoja nisiyemjua akawa ananimwagia maji kisogoni. Tulipofika nililala siku mbili, hata kukaa na mfiwa sikuweza. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Je, chumba kinaleta tofauti, au mtu wa kuugua mawimbi ataugua popote?

BahariaWaJinja
Shikamoo mama. Nimefanya kazi melini miaka kumi na moja, upande wa jikoni. Chumba kinaleta tofauti kubwa sana, na hicho cha sitaha ya 14 mbele ningekuwa mimi nisingekupa.

Meli hucheza kwa namna mbili kubwa. Kuna mrama, yaani kulalia ubavu huu kisha ule. Halafu kuna kuinama: omo, yaani mbele ya meli, inapanda huku tezi, yaani nyuma, ikishuka, kisha kinyume chake. Ukiwa juu, mrama unakupeleka mbali zaidi huku na huku. Ukiwa mbele, kila wimbi linakuinua na kukuachia. Kijana, kwa mapenzi yake, amekupa yote mawili. Meli za siku hizi zina mapezi chini ya maji kila ubavu, yanapunguza mrama vizuri, lakini kule kuinama hayakuzuii.

Fikiria basi la Arua. Wa kiti cha mwisho, nyuma ya tairi, kila tuta linamrusha; aliye katikati ya tairi za mbele na za nyuma anaendelea kusinzia. Kwa hiyo tafuta chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini kadiri utakavyopata. Nyuma kabisa nako hapana, propela inatetemesha kitanda. Mwambie afungue mchoro wa sitaha aone pia kilichoko juu ya chumba. Katika meli yangu moja, jiko lilikuwa juu ya vyumba vya abiria, na sisi saa kumi alfajiri tulishaanza kuburuta vitoroli vya mikate.

Tena asinunue ile tiketi ya bei nafuu ambayo kampuni ndiyo inayokuchagulia chumba. Wanaweza kukuweka popote.

Kato_Ntinda
Nyabo, chukua cha ndani kisicho na dirisha. Bei iko chini, giza totoro, unalala tu.

NesiSalma (Bombo)
Kaka Kato, kwa kulala sawa, lakini kwa mama huyu mimi sikubali. Kichefuchefu cha safari kinakuja kwa sababu sikio la ndani linauambia ubongo tunasogea, huku macho yanaona ukuta umetulia. Akiwa na dirisha akatazama mstari ule ambapo maji yanakutana na mbingu, macho na sikio vinakubaliana. Mama, chagua chenye dirisha, na kikianza weka simu chini, usisome hata ujumbe.

Dawa: uliza sinarizini famasi. Inamezwa kama saa mbili kabla ya safari; ukingoja mpaka umeanza kutapika, haikai tumboni. Promethazini nayo inasaidia ila inaleta usingizi mzito. Ukiwa na presha ya macho, au unatumia dawa nyingine za kila siku, mwambie daktari kwanza. Usisafiri na njaa. Biskuti kavu na tangawizi viwe mkobani.

BahariaWaJinja
Nesi amesema kweli. Nyongeza moja: kati ya Barcelona na Marseille kuna upepo unaoitwa Mistral, unashuka kutoka bara la Ufaransa na kuichafua ile ghuba, hasa miezi ya baridi. Kijana akiweza kusogeza safari hadi mwezi wa sita, bahari ile huwa tulivu zaidi. Akishindwa, basi usiku wa sehemu hiyo meza dawa mapema, usingoje dalili.

MamaSwabra
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimempigia jana usiku nikamweleza habari za mrama na basi la Arua. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, mimi nilitaka upate kizuri." Nikamwambia kizuri kwangu ni kile kitakachoniwezesha kula chakula cha jioni na baba yako. Likizo yake haisogei, kwa hiyo mwezi ni uleule. Asubuhi ametuma picha ya mchoro: sitaha ya 5, katikati, dirisha la duara, balkoni hakuna. Nesi Salma, hiyo sinarizini ninunue ya siku zote saba, au ya siku za mwanzo tu?

NesiSalma (Bombo)
Nunua ya zote, mama. Usiyoihitaji utarudi nayo.